Mzee Wetu na Tarehe 1 Julai

"Shikamoo Mwalimu. Babu yetu ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1 Julai 1938, na mwaka huu tunataka kumfanyia sherehe ya kuzaliwa kwa mara ya kwanza. Mimi nimepewa kazi ya kuandika risala. Nikaingia mtandaoni kutafuta mambo mengine yaliyotokea tarehe hiyo, nikakuta orodha ndefu: uhuru wa Rwanda, Burundi, Somalia, Ghana na Kanada, kuzaliwa kwa Seretse Khama na Diana wa Uingereza, mkataba wa Wazungu kuhusu Zanzibar. Binamu zetu wa Buyenzi, Bujumbura, wanasema hii si bure, siku hiyo ina jambo lake, na mzee mmoja wa mtaani anasema wenye siku hiyo wana nyota ya utawala. Lakini nimegundua pia kwamba jirani yetu, mkewe, na karibu nusu ya wazee wanaokaa barazani pale msikitini, vitambulisho vyao navyo vimeandikwa 1 Julai. Shangazi naye anasema mama yake babu, ambaye ni marehemu, alikuwa akisimulia kuwa babu alizaliwa kumi la mwisho la Ramadhani, usiku wa kuamkia Ijumaa, mvua za kwanza zimeshanyesha, na vijana bado hawajaanza kuchukuliwa kwenda vitani. Sasa nishike lipi? Hospitali wanaweza kumpima tukajua? Na je, tubadilishe kitambulisho?"

Marahaba, mjukuu. Umeuliza maswali matatu kwa mkupuo, na ninavyokusoma, linalokusumbua hasa ni hili: unaogopa kusimama mbele ya wageni, uisifu siku ya babu na majina makubwa yaliyozaliwa pamoja naye, halafu mtu wa nyuma anong'one kwamba siku yenyewe si yake. Hofu hiyo ina msingi. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho cha babu yako, kwa jinsi ulivyoeleza, karibu hakika ni tarehe ya karani. Ya mama yake unaweza kuikaribia kuliko unavyodhani, na nitakuonyesha njia.

Tuanze na wale wazee wa barazani, maana wao ndio ushahidi wako mkubwa. Watu wakikusanyika 23 tu, tayari kuna uwezekano wa nusu kwa nusu kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja. Hilo huwashangaza wengi, lakini ni hesabu tu: jozi za watu huongezeka haraka kuliko watu wenyewe, na kundi la watu 23 lina jozi 253. Kwa hiyo wazee wawili wa msikiti mmoja kugongana tarehe si habari. Nusu ya baraza kugongana kwenye tarehe ileile moja, hiyo ni habari, na habari yenyewe haihusu kuzaliwa kwao. Inahusu fomu.

Enzi za Waingereza usajili wa vizazi haukuwa lazima kwa Waafrika wengi wa Tanganyika. Mtoto alizaliwa nyumbani, mkunga akawa jirani au bibi, na kumbukumbu ikabaki kichwani mwa mama: mwaka wa nzige, mwaka ziwa lilipopanda, mwezi wa mfungo. Miaka mingi baadaye mtu huyo akaenda kutafuta kazi, kadi, pasi ya kusafiria au kitambulisho, akakutana na fomu yenye visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka. Mwaka alikuwa na makisio yake. Siku na mwezi hakuwa navyo. Karani haruhusiwi kuacha kisanduku wazi, kwa hiyo hujaza. Ofisi nyingi duniani hujaza 1 Januari, ndiyo maana wakimbizi wengi wa Kisomali na Kisudani waliohamia Marekani husherehekea siku moja na mwaka mpya. Nyingine hujaza 1 Julai.

Na 1 Julai ina akili yake. Katika mwaka wa kawaida siku 181 zimepita kabla yake na 183 zinabaki baada yake, yaani iko katikati kabisa, imekosea kwa siku moja tu. Ukimwandikia mtu 1 Januari na kumbe alizaliwa Desemba, umemzeesha kwa karibu mwaka mzima. Ukimwandikia 1 Julai, hata ukikosea sana, umekosea nusu mwaka. Karani aliyemwandika babu yako hakuwa mvivu. Alichagua kosa dogo kuliko yote aliyoweza kulifanya.

Wala si aibu. Jomo Kenyatta aliiongoza Kenya hadi alipofariki mwaka 1978, na hadi leo tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani. Hata mwaka wenyewe wanahistoria wanaukisia tu, miaka ya 1890. Shakespeare, ambaye Waingereza humsherehekea 23 Aprili, kilichoandikwa ni ubatizo wake wa 26 Aprili 1564. Ile 23 ni makisio yaliyozoeleka. Na hapo kwenu Ujiji, tukio linalojulikana kuliko yote, la Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871, halina tarehe inayokubalika na wote. Kitabu cha Stanley kinasema 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaliweka Oktoba. Wawili walioshikana mikono palepale, wote wanajua kusoma na kuandika, wote wana madaftari, na bado homa na safari ndefu ziliwavuruga hesabu ya siku.

Sasa tuje kwa mama yake babu, ambaye kwa maoni yangu ndiye shahidi bora katika barua yako yote.

Angalia alivyosimulia. Hakutaja tarehe, alitaja vitu vinne ambavyo mama hawezi kuvisahau, na kila kimoja kinaweza kupimwa. La kwanza, mvua za kwanza. Kigoma mwezi Julai ni kiangazi kikavu. Mvua huanza kurudi Oktoba hivi. Kwa jambo hilo peke yake, 1 Julai imeshaanguka. La pili, Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kizungu kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na mahali ilipoangukia mwaka wowote wa nyuma panaweza kuhesabiwa. Mwaka 1938 ilianza karibu 25 Oktoba, ikaisha karibu 23 Novemba. Yaani mfungo na mvua za kwanza vilikutana mwaka huohuo ulioandikwa kwenye kitambulisho. Bibi hakukosea, na karani naye, kwa upande wa mwaka, inaonekana alisikiliza vizuri.

La tatu, kumi la mwisho, usiku wa kuamkia Ijumaa. Kumi la mwisho la Ramadhani ya 1938 lilianza karibu 14 Novemba. Ijumaa iliyomo humo ni moja tu: 18 Novemba 1938, sawa na mwezi 25 Ramadhani 1357. Hapa kuwa mwangalifu na jambo ambalo vijana wengi hulipita. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa kuamkia Ijumaa ni mali ya Ijumaa. Kwa hesabu ya kizungu siku hubadilika saa sita usiku. Kama babu alizaliwa baada ya isha, hospitali ya leo ingemwandika Alhamisi, 17 Novemba. Kama ni karibu na daku, ingemwandika Ijumaa, 18. Muulize shangazi kama mama yake babu aliwahi kutaja futari, tarawehe au daku. Neno moja la namna hiyo linaamua tarehe.

La nne, vita. Vita Kuu ya Pili ilianza Septemba 1939. Ramadhani ya mwaka huo ilianza katikati ya Oktoba, na Ijumaa ya kumi lake la mwisho ilikuwa 10 Novemba, lakini wakati huo Tanganyika tayari imo vitani. Kwa hiyo kama kumbukumbu ya "vijana bado hawajachukuliwa" ni sahihi, mwaka 1939 unapungua nguvu sana. Siufuti kabisa, maana vita kutangazwa Ulaya ni jambo moja na vijana wa Ujiji kuanza kuandikishwa ni jingine. Mwaka 1937 unabaki mlangoni: Ramadhani ilianza karibu 5 Novemba, na kumi la mwisho lilikuwa na Ijumaa mbili, 26 Novemba na 3 Desemba. Lakini Novemba inapokatika, mvua za Kigoma si za kwanza tena. Ukizikusanya hoja zote, usiku wa 17 kuamkia 18 Novemba 1938 ndio unaobeba uzito mkubwa.

Ukumbuke kuwa mwezi huandamia kwa kuonekana kwa macho. Kama Ujiji walifunga siku moja nyuma au mbele ya wengine, namba ya mwezi wa Ramadhani inasogea, ingawa Ijumaa inabaki palepale. Kwa hiyo usiseme mbele za watu "tumethibitisha". Sema "kwa masimulizi ya mama yake na kwa hesabu ya miezi".

Hospitali hapana. Watu wengi wamesikia kwamba meno au mifupa hutoa umri, na ni kweli kwa kiasi fulani kwa watoto na vijana ambao meno na mifupa yao bado inakua. Hata kwao jibu huja kwa miaka, kwa kukisia, si kwa tarehe. Kwa mzee wa umri wa babu hakuna kipimo cha damu, cha mfupa wala cha vinasaba kitakachokuambia mwaka aliozaliwa, seuze siku. Atakayekuambia kipo anataka pesa yako.

Turudi kwenye orodha yako ya mtandaoni. Sina ugomvi na orodha hizi; zinawafanya watu wapende historia. Tatizo lake ni kwamba huweka pembeni kwa pembeni mambo yaliyokutana kwa sababu tofauti kabisa, kisha msomaji huachwa aone muujiza. Na hii yako ina makosa. Ghana haikupata uhuru 1 Julai. Uhuru wake ni 6 Machi 1957. Tarehe 1 Julai 1960 ndiyo ilipokuwa jamhuri, Nkrumah akawa rais badala ya waziri mkuu chini ya malkia. Kanada nayo, 1 Julai 1867, ilikuwa ni makoloni ya Kiingereza kuunganishwa kuwa shirikisho moja. Mambo yake ya nje yaliendelea kuamuliwa London kwa miaka mingi baada ya hapo.

Rwanda na Burundi, hilo ni kweli, wote wawili 1 Julai 1962. Lakini usihesabu mambo mawili. Chini ya Wabelgiji nchi hizo zilitawaliwa kama eneo moja, Ruanda-Urundi, chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Baraza Kuu lilipitisha azimio tarehe 27 Juni 1962, siku nne tu kabla, kwamba udhamini huo ukome 1 Julai na eneo lizae nchi mbili. Ni kalamu moja, sahihi moja, bendera mbili. Binamu zako wa Buyenzi wakisema si bure kwamba majirani wawili walipata uhuru siku moja, wanasema kweli, ila sababu yake iko kwenye karatasi ya New York na si kwenye siku yenyewe.

Somalia ina kisa kinachokaribiana na hicho. Upande wa kusini, uliokuwa chini ya udhamini wa Italia, ulikuwa umepangiwa kujitawala Desemba 1960. Tarehe ikavutwa mbele hadi 1 Julai. Somalia ya Waingereza ikapata uhuru 26 Juni, ikasubiri siku tano, na 1 Julai 1960 zikaungana. Unaona jinsi wenye mamlaka wanavyoipenda tarehe hii? Ni mwanzo wa mwezi, mwanzo wa nusu ya pili ya mwaka, na katika nchi nyingi, zetu zikiwemo, ni mwanzo wa mwaka wa fedha. Tanzania, Kenya na Uganda bajeti zao hufunguliwa 1 Julai. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki kama wanachama kamili 1 Julai 2007, na Soko la Pamoja la Jumuiya likaanza 1 Julai 2010. Hata Hong Kong, iliyorudishwa China 1 Julai 1997, ilifuata mkondo huohuo: Waingereza walikuwa wamekodi sehemu kubwa ya ardhi yake kwa miaka 99 kuanzia 1 Julai 1898, na mkataba ukaisha kama mikataba yote ya pango inavyoisha. Karani wa kitambulisho na wanadiplomasia hawa wana tabia moja. Wanaotafuta tarehe safi ya kuandika huishia kwenye tarehe zilezile, ndiyo maana siku ya kwanza ya Januari, ya Aprili na ya Julai zimejaa matukio ya kiserikali, huku 17 Novemba ikibaki na nafasi.

Sasa nije kwenye ule mkataba wa Wazungu, ambao umeutaja kwa maneno machache na kumbe ndio unaowahusu zaidi ninyi watu wa Ujiji.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba ambao Wajerumani wengi huukumbuka kwa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Uingereza iliwapa Wajerumani kisiwa hicho. Ujerumani ikakubali Zanzibar na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza, ikaachia na Witu kwenye pwani ya Kenya ya leo. Sultani hakuwa mezani. Lakini mkataba ulichora pia mstari wa bara: magharibi ya Ziwa Victoria mpaka ukafuata nyuzi ya kwanza kusini mwa ikweta hadi kwenye dola ya Kongo. Kila kilichokuwa kusini ya mstari kikahesabiwa cha Mjerumani, ikiwemo Ujiji yenu, na zikiwemo Rwanda na Burundi, ambazo wakati huo wafalme wake hawakuwa na habari kwamba wamegawanywa. Wabelgiji walizichukua Rwanda na Burundi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na wao ndio walioziachia 1962.

Hesabu basi. Nchi mbili zilizowekwa mikononi mwa Wazungu kwa sahihi ya 1 Julai 1890, zikawa huru 1 Julai 1962, miaka 72 kamili. Ukiwaambia binamu zako hivyo watakuambia, si tulisema? Na ungeweza kuandika risala nzuri sana juu ya hilo, ya siku iliyofunga na ileile ikafungua. Mimi ningekuzuia. Wanadiplomasia wa 1962 walichagua mwanzo wa mwezi uliofuata azimio lao. Walikuwa na haraka, walikuwa na wasiwasi wa machafuko, na mkataba wa Heligoland haukuwa jambo la mjadala wao. Huu ni mgongano wa bahati, mzuri kuutazama, hauna fundi nyuma yake.

Nasema hivyo kwa sababu migongano yenye fundi ipo, na huacha alama. Mwezi huohuo wa Julai 1962 Algeria ilipiga kura ya uhuru, tena tarehe 1. Uhuru ukatangazwa 3 Julai. Lakini Waaljeria wenyewe waliamua kusherehekea 5 Julai, kwa sababu Wafaransa waliiteka Algiers 5 Julai 1830, na walitaka siku ya aibu igeuzwe. Ghana iliichagua 6 Machi kwa sababu 6 Machi 1844 machifu wa Fante walitia sahihi mkataba na Waingereza. Na hapa nyumbani, CCM ilizaliwa 5 Februari 1977 kwa sababu ASP, chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar, ilizaliwa 5 Februari 1957, na Tanganyika ikawa jamhuri 9 Desemba 1962, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru, kwa makusudi. Katika visa hivi wahusika walisema wenyewe kwamba wanachagua na kwa nini. Ukiona tarehe mbili zimefanana, tafuta kwanza mtu aliyezifananisha. Ukimkosa, waambie wageni kwamba zimegongana, uendelee na mengine.

Kuhusu watu mashuhuri nitakwenda haraka. Seretse Khama, rais wa kwanza wa Botswana, alizaliwa Serowe 1 Julai 1921, na Botswana siku hiyo ni sikukuu. Diana alizaliwa 1 Julai 1961. Siku hiyohiyo, mwaka huohuo, Alabama akazaliwa Carl Lewis, mkimbiaji na mrukaji aliyeondoka kwenye Olimpiki na dhahabu tisa. Huyo wa mtaani anayesema ni nyota ya utawala amweke Carl Lewis mahali gani? Duniani tuko zaidi ya bilioni nane, kwa hiyo kila tarehe ya kalenda, hata ile unayoidharau, ina watu kama milioni 22. Wote hao hawawezi kuwa marais. Tena orodha hukusanya wanaojulikana tu. Wauza dagaa wa Kibirizi waliozaliwa siku hiyo hawaandikwi.

Kuna mtego mmoja zaidi, na nautaja kwa sababu utakutana nao. Mwanafalsafa Leibniz huwekwa 1 Julai 1646. Lakini mji wake wa Leipzig wakati ule ulikuwa bado unafuata kalenda ya zamani, na kwa kalenda hiyo siku aliyozaliwa ilikuwa 21 Juni. Wanahistoria walimbadilishia baadaye. Kwa hiyo hata mtu mwenye tarehe iliyoandikwa vizuri anaweza kuwa na mbili, kama babu yako, ambaye ana ya karani kwa Julai ya kizungu na ya mama yake kwa mwezi wa Ramadhani.

Basi risala. Mnaweza kufanya sherehe 1 Julai, kama mlivyopanga, na kwa upande wangu hiyo ndiyo rahisi: wageni wa Bujumbura watakuwa na likizo ya uhuru wao, mzee ameizoea, kadi zake zote zinaisema. Hasara yake ni kwamba mtakuwa mnasherehekea masijala. Mnaweza kuhamisha hadi Novemba, ambapo mtakuwa karibu na ukweli lakini mtalazimika kumweleza kila mgeni sababu, na kama mzee mwenyewe hapendi makuu, itamchosha. Mnaweza pia kufanya dua ndogo ya kifamilia 25 Ramadhani na sherehe ya watu Julai. Hili la tatu nalipenda, ila muulizeni yeye kwanza. Ni siku yake, na huenda ana kumbukumbu ambayo hajawahi kuulizwa.

Kama mtabaki na Julai, usiseme "babu alizaliwa siku moja na Seretse Khama". Sema hivi: "Serikali ilimwandikia babu yetu 1 Julai, siku ambayo Rwanda na Burundi zilipata uhuru na siku aliyozaliwa Seretse Khama. Mama yake alisema alizaliwa kumi la mwisho la Ramadhani, usiku wa kuamkia Ijumaa, na kwa hesabu ya miezi usiku huo unaelekea kuwa wa kuamkia 18 Novemba 1938." Wazee wa barazani wenye tarehe ileile watacheka kwa furaha, na huenda wakaanza kueleza za kwao. Uwe na simu ya kurekodi karibu.

Kuhusu kubadilisha kitambulisho, hapa nakuomba usiwe na haraka. Tofauti ni ya miezi minne na nusu, ndani ya mwaka uleule, na haimpi wala haimnyimi mzee kitu. Lakini ukibadilisha karatasi moja bila nyingine unafungua tatizo ambalo halikuwepo: kitambulisho kinasema Novemba, pensheni inasema Julai, benki inasema Julai, hati ya kiwanja inasema Julai, na siku ya kufuatilia mirathi au matibabu mtu wa dirishani anauliza huyu ni nani na yule ni nani. Masimulizi ya bibi ni ushahidi mzuri wa historia; kwenye ofisi peke yake ni dhaifu.

Kuna hali ambazo zitakulazimu kwenda ana kwa ana. Kama tarehe za babu zinapingana tayari katika karatasi zake, au mwaka wenyewe umekosewa kiasi cha kugusa pensheni, au kuna jina lililoandikwa vibaya, nenda ofisi ya wilaya ya RITA (wanaosajili vizazi na vifo) na ya NIDA (wanaotoa vitambulisho vya taifa) ukiwa na karatasi zote za asili, uulize utaratibu kabla ya kuapa kiapo chochote. Kama kuna ardhi au mirathi ndani yake, pitia kwa wakili kwanza. Usimtumie mtu wa kati anayekaa nje ya ofisi na kukuahidi cheti kesho. Cheti cha kughushi kitamrudi mzee, hakitamrudi yeye.

Na wiki hii, kabla ya risala, kaa na shangazi. Usimuulize "babu alizaliwa lini", maana atakujibu kama alivyokujibu. Muulize nani mtaani ni rika la babu, nani alitangulia kutembea, nani walitahiriwa pamoja, ni mtoto gani alizaliwa kabla yake na gani baada, na mama alikuwa amefunga au alikuwa amekula siku hiyo. Kama mmoja wa rika lake alibatizwa na wamisionari, kitabu cha ubatizo cha parokia kinaweza kuwa na tarehe ya siku yenyewe, na hapo mtapata nguzo ya kupimia wengine wote. Ukipata chochote juu ya futari au daku niandikie, tuone kama ni 17 au 18.